Humu Ndani Tupo Wangapi?

Shangazi yangu ana anwani ya barua pepe, na tangu aipate hajaandika barua hata moja wala hajaandikiwa na binadamu. Aliipatia Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, siku aliyonunua simu janja yake ya kwanza. Simu iliwashwa, ikadai akaunti. Kijana wa dukani akamuuliza, "Mama, una email?" Shangazi akajibu kwa kujiamini kwamba anayo, ya M-Pesa. Kijana akashusha pumzi, akaanza kazi. Jina la shangazi lilikataliwa kwa kuwa wenye jina hilo wengine walishaliwahi, basi akalisindikiza na tarakimu zilizomjia kichwani. Mwaka wa kuzaliwa hakuuliza, mtu mzima haulizwi umri mbele ya wateja, akajaza wowote. Kwa hesabu za akaunti ile, shangazi ni mdogo kuliko binti yake wa kwanza. Neno la siri akaliandika kwa peni juu ya boksi la simu, kwa herufi kubwa, akalipigia na mstari. Boksi liko juu ya kabati la vyombo sebuleni, na mgeni yeyote aliyekaribishwa maji hulisoma akisubiri glasi.

Sisi tulioanza barua pepe zamani kidogo tulikuwa tukiiendea. Ulitoka nyumbani, ukaingia intaneti kafe, ukalipia nusu saa, ukasoma, ukajibu, ukabonyeza "toka", kisha ukageuka kuangalia nani anakalia kiti chako. Gmail ilipozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 wengi walidhani ni utani wa Siku ya Wajinga, maana ilitoa gigabaiti nzima bure wakati Hotmail ilikuwa inagawa megabaiti mbili. Haukuwa utani. Malipo yalikaa upande wa pili: mashine ilipitia barua za watu ikitafuta tangazo la kuwawekea pembeni, na Google walitangaza kuiacha kazi hiyo mwaka 2017. Katikati hapo, Oktoba 2008, ikaingia sokoni Marekani simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, ambayo ukiiwasha ilikutaka uingie kwenye akaunti kwanza, mengine baadaye. Toka hapo barua pepe ikahamia mfukoni, na haikuhama peke yake. Ilikuja na majina ya watu wako, picha zako, kalenda yako, ramani ya ulikopita na maswali uliyoiuliza saa nane za usiku. Ukiunganisha anwani moja na simu, umeunganisha ukoo mzima.

Kwangu mimi ukoo wenyewe ulikuwa Muheza, Tanga.

Mama alirudi huko baba alipostaafu, kwenye michungwa yake. Mdogo wangu wa kiume, ambaye katika familia yetu ndiye mtaalamu wa teknolojia kwa sababu aliwahi kufufua rimoti, alimnunulia simu. Ilipodai akaunti, aliona kumfungulia mama anwani mpya ni kumtesa. Akaweka yangu. Neno langu la siri alikuwa nalo tangu enzi zile anaomba kazi kwa kutumia kompyuta yangu, na kunitaarifu hakuona haja. Kwake ilikuwa kama kuazima sufuria ya jirani.

Asubuhi moja nikakuta wageni kwenye simu. Mama Vitumbua. Maalim Mpya. Yule wa Mkaa. Yule wa Mkaa Mwingine. Kuku. Kuku Bei Nafuu. Hajalipa. Kulikuwa na mmoja aitwaye Usimkopeshe, na simu, kwa ujanja wake wa kuunganisha namba zinazofanana, ilimwekea picha ya mdogo wangu akitabasamu kwenye mahafali. Nilipompigia kumuuliza imekuwaje, ndipo nikaelezwa habari ya akaunti. Jina alilopewa sikumwambia.

Majina yalikuwa yamesafiri pande zote mbili. Ofisini kwetu mkuu wa idara tunamwita Mama Mkubwa. Yeye anajua, na nadhani anapenda. Kwenye simu yangu yumo kwa jina hilohilo. Sasa mama yangu naye ana dada yake mkubwa, ambaye sisi watoto tunamwita Mama Mkubwa, na siku hiyo alikuwa akimtafuta kwenye simu yake mpya. Akamkuta. Akapiga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," akajibu bosi wangu, kwa mazoea ya cheo.

"Mguu unaendeleaje?"

Bosi kweli alikuwa na mguu. Aliteleza kwenye ngazi za ofisi wakati lifti imeharibika, na habari ile haikuwa siri. Akasema unaendelea, alhamdulillahi, ila ngazi ndizo tatizo. Mama akamwambia aukande kwa maji ya chumvi na aache viatu virefu kwa umri ule. Bosi akakubali. Mama akauliza na lile shamba mgogoro umeishia wapi. Hapo bosi alishtuka, maana anao mgogoro wa shamba Bagamoyo ambao ofisini hajamwambia mtu, na hakuelewa umefikaje kwa bibi mwenye lafudhi ya Tanga. Akajibu kwa uangalifu kwamba mwenyekiti wa kijiji anazunguka. Mama akasema wenyeviti wote ndivyo walivyo. Waliendelea hivyo mpaka mama alipotaja makaburi ya wazee wao, ndipo kila mmoja akamuuliza mwenzake yeye ni nani. Bosi, kwa heshima, alipojua mama ni mkubwa kwake, alimrudishia shikamoo yake.

Nilipoitwa ofisini kwake nilijua nimekwisha. Akaniambia tu, "Mama yako mtu mzuri sana," kisha akauliza kama maji ya chumvi yanatakiwa yawe moto kiasi gani.

Watu husema sisi huku hatuna mazoea ya faragha, na ndiyo maana haya mambo hayatusumbui. Sikubali. Nimekulia Ngamiani, Tanga mjini, nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, milango inatazamana. Tulijua nani kapika nini, nani kalala bila kula, baba wa nani karudi saa ngapi na kwa hali gani. Asubuhi tulisalimiana vizuri, usiku haukutajwa. Mke akilia, jirani aliongeza sauti ya redio. Mdai akigonga, mtoto yeyote wa ua ule alijua kusema "ametoka", hata kama baba si wake. Ile ndiyo stara, na ilikuwa kazi. Ilitaka umjue mtu, ujue nani amekaa mbele yake, ujue lipi linasemeka leo na lipi unakufa nalo. Simu inajua kuliko wapangaji wote wa ua ule, na kazi hiyo haijafundishwa. Inajua, halafu inasema, bila kutazama nani kaketi.

Ikanisemea safari.

Mtu anayesafiri kwenda Mwanza kutoka Dar es Salaam, kama ana akili, hasemi. Akisema anakwenda, amekuwa gari la mizigo. Akisema anarudi, amekuwa soko la samaki. Mimi nilikuwa na kikao cha kazi cha siku mbili, begi moja la mkononi, na nilishawaambia ndugu kwamba wiki ile sitoki. Tiketi ya ndege ilikuja kwa barua pepe. Akaunti za siku hizi zina kiherehere: zinaisoma barua ya tiketi zenyewe, zinatoa tarehe, saa na namba ya ndege, zinapanga kwenye kalenda, na kalenda inakwenda kila penye akaunti hiyo. Kule Muheza, juu ya jamvi, simu ya mama ikalia ting.

"Mwanangu, Ijumaa unaruka saa kumi na mbili asubuhi. Utaswali saa ngapi?"

Kabla sijajibu alishaendelea. Kuna mjukuu wa bibi yangu yuko Nyegezi, kajifungua, hajapelekewa chochote. Kesho yake basi la Muheza likanishushia kiroba cha machungwa, na ndani yake mfuko wa iliki na mdalasini kutoka Amani, umefungwa vizuri na kuandikwa jina la mtoto. Habari ilipofika kwa shangazi wa Kariakoo, sato wangu wa kurudi nao walishagawanywa: vichwa kwa nani, mapande kwa nani, na furu wakavu kwa yule anayenyonyesha. Mume wangu, ambaye nilimwomba asiseme kwa mtu, alinitazama kwa uchungu wa mtu aliyetunza siri bure. Kwenye ndege nilinuka mdalasini mpaka abiria wa jirani akaniuliza kama naupika humohumo.

Ya picha nitayapitia haraka. Simu ya mama ilikuwa inatuma kila picha kwenye hifadhi yangu, na mama hupiga picha nyingi bila kukusudia, hivyo nina mkusanyiko mzuri wa dari ya nyumba yetu, dole gumba lake, na kuku mmoja ambaye nadhani hakupona Idi. Gigabaiti 15 za bure zikajaa. Na kwa kuwa nafasi hiyo ni moja kwa picha na barua pepe, barua za kazi zikaanza kugoma kuingia kwa sababu ya kuku. Upande wa pili mama aliletewa picha yangu ya fomu ya mkopo wa SACCOS, imewekewa muziki na maneno ya "Kumbukumbu nzuri". Maswali niliyoulizwa sitayaandika hapa.

Nilipotafuta chumba kimoja cha kupanga kwa ajili ya binti wa kazi aliyekuwa anaolewa, mama alibonyeza sehemu ya kutafutia atafute kaswida akakuta swali langu limetangulia: "chumba kimoja cha kupanga Tabata bei nafuu." Mwanamke mwenye mume anatafuta chumba kimoja. Baba mdogo alipanda basi siku ileile, akaja kukaa kwetu, akawa anatuangalia jinsi tunavyopeana chumvi mezani. Mume wangu alidhani amekuja hospitali.

Ila yote hayo ni utangulizi. Mama alikuwa bado hajaigundua kengele.

Kuna programu ya kutafuta simu iliyopotea. Ni kitu kizuri, sina ugomvi na aliyeibuni. Ukiifungua inakuonyesha ramani na simu zote zenye akaunti yako. Kwa mama zilitokea mbili: moja Muheza, ambayo ilikuwa mkononi mwake, na nyingine Tabata, ambayo ilikuwa mimi. Chini yake kuna kitufe cha kuliza sauti. Ukikibonyeza, ile simu nyingine inalia kwa sauti yake ya juu kabisa hadi dakika tano, hata kama mwenyewe ameizima mlio. Imetengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu simu iliyopotea chini ya kochi mara nyingi imezimwa mlio. Mama alikuwa na malalamiko ya muda mrefu kwamba sipokei simu. Sasa amepewa tarumbeta inayopenya mlio uliozimwa, inayotumia bando kidogo tu, na isiyokula salio hata shilingi.

Ililia saluni, kichwa changu kikiwa ndani ya drayari. Ililia msibani wakati wa dua, na sheikh akanyamaza kuisubiri imalize. Nikiizima nampigia mama. Sauti yake inakuja shwari kabisa: "Aa, nilitaka kujua kama umekula."

Halafu ikaja siku ya kikao cha usalama wa taarifa. Ofisi ilikuwa imeamua kila ofisa aunganishe barua pepe ya kazi kwenye simu yake, na kijana wa TEHAMA aliandaa maonyesho kwa projekta. Alianza vizuri. Alitueleza kwamba tukiunganisha, simu itatuletea orodha ya mambo ambayo ofisi itaruhusiwa kufanya kama msimamizi wa kifaa: kupanga urefu wa neno la kufungulia, kufunga skrini, na kufuta data yote bila kumwonya mwenyewe. Hapo ukumbi ukanyamaza. Wote tulimkumbuka mwenzetu mmoja aliyehamia taasisi nyingine. Siku alipokabidhi kitambulisho, mtu fulani huko aliifuta barua pepe yake ya kazi kwa mbali, na simu yake binafsi ikarudi ilivyotoka kiwandani, pamoja na video ya harusi ya binti yake, akiwa ndani ya daladala. Kijana akasema siku hizi simu nyingi zina sehemu ya pembeni iitwayo wasifu wa kazini, ofisi ikifuta inafuta vyake tu. Watu walimsikiliza kwa nyuso za waliowahi kuahidiwa mambo.

Bibi mmoja wa masjala akauliza swali ambalo nililipenda: simu ikishafutwa hivyo, si inakuwa mpya? Kijana akajibu kwamba hapana, tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 simu iliyofutwa kwa kulazimishwa inaganda mpaka iwekewe akaunti ya mwisho iliyokuwamo, ili mwizi asifaidi. Mimi nilikuwa najua. Mjukuu wa shangazi alibana vitufe vya pembeni kwa pamoja akaifuta simu ya bibi yake, na simu ikadai akaunti ile ya Kariakoo. Mafundi wawili walitaka hela ndefu. Shangazi akanyanyuka, akashusha boksi kutoka kabatini, akawasomea. Ikafunguka. Kila mtu aliyewahi kumhubiria kuhusu boksi lile, mimi nikiwa wa kwanza, alikunywa chai yake kimya.

Kijana akafika kwenye mifano ya nje, na hapa nikiri alikuwa amejiandaa. Akatueleza habari za Februari 2010, Google walipozindua kitu kiitwacho Buzz ndani ya Gmail, ambacho kiliwachukua watu unaowaandikia sana kikawafanya wafuasi wako, na usipokuwa mwangalifu orodha hiyo ikaonekana hadharani. Fikiria orodha yako ya watu unaowaandikia sana, alisema, imebandikwa mlangoni. Watu kadhaa ukumbini waliifikiria kwa kuinamisha vichwa. Buzz ilikufa, na mwaka 2011 serikali ya Marekani ikaibana kampuni hiyo kwa makubaliano ya kukaguliwa mambo yake ya faragha kwa miaka 20. Akatueleza ya Unroll.me, huduma ya bure ya kukusafishia kikasha barua za matangazo zisizo na maana, ambayo mwaka 2017 ilibainika kwamba mmiliki wake alikuwa akichambua risiti za wateja na kuuza takwimu zake. Mnunuzi mmoja alikuwa Uber, aliyetaka kujua biashara ya mshindani wake Lyft inakwendaje. Umemkaribisha mtu akufagilie, anahesabu ulivyonunua. Na akatueleza ya mwaka 2018, shirika la habari la Associated Press lilipoonyesha kwamba mtu akizima historia ya mahali ya Google, kitufe kingine chenye jina la upole kiliendelea kuhifadhi alikopita. Moja ya kesi zake ilimalizwa Novemba 2022 kwa dola milioni 391.5 kwenda kwa majimbo 40 ya Marekani.

"Kwa hiyo ndugu zangu," akasema, akibadilisha slaidi, "swali la kwanza la kujiuliza ni: nani mwingine anaweza kuiendesha simu yangu kwa mbali?"

Simu yangu ikalia.

Ilikuwa mezani, imezimwa mlio, imegeuzwa kifudifudi kwa heshima ya kikao. Ililia kwa nguvu zake zote. Kijana wa TEHAMA akaruka. Nilikuwa nimekaa mbali kidogo, nikanyoosha mkono, ikateleza juu ya meza ikiendelea kupiga kelele, watu wakaipisha. Kijana akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeona mfano wake ukitembea, ni nani huyo anayeidhibiti.

"Ni mama yake," akasema bosi, bila kunyanyua macho kwenye karatasi zake. Akachukua simu yake mwenyewe, akapiga. "Shikamoo mama. Tuko kikaoni... Ndiyo, yuko hapa... Ngoja nimuulize." Akanitazama. "Umekula?"

Nikasema nimekula.

"Amekula. Haya mama. Mguu umepona kabisa."

Baada ya kikao kijana alinifuata, amebeba kompyuta yake kifuani, akataka kujua hali yangu kitaalamu. Nilimweleza. Aliniuliza kama najua kwamba Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwamba Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Nilijua, Kenya walitutangulia na yao mwaka 2019, na sisi hatupendi kutanguliwa. Nyumbani niliisoma usiku. Sheria inamtambua mkusanyaji wa taarifa na inamtambua mchakataji, na inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linaloeleweka, zisitumike kwa jingine. Nilimfikiria mama. Ni mkusanyaji. Ni mchakataji. Huwasambazia na watu wengine, hasa shangazi. Lengo lake linaeleweka tangu nilipozaliwa. Sikuona fomu ya kumjaza.

Nikaamua kwenda Muheza tutengane kwa amani.

Kuiondoa akaunti kwenye simu ni rahisi: mipangilio, akaunti, ondoa. Nilipobonyeza, simu ikaonya kwamba majina na vinginevyo vilivyounganishwa na akaunti hiyo vitaondoka kwenye simu navyo. Mama alisoma onyo lile kwa miwani, kisha akaichukua simu mkononi mwangu taratibu, akaiweka mapajani, akaifunika kwa khanga. Maalim Mpya, Mama Vitumbua na wafanyabiashara wote wa mkaa walikuwa wakiishi ndani ya akaunti yangu kisheria. Nikimfukuza yeye, nawafukuza.

Basi tukakaa barazani kugawana watu. Nilisoma jina, mama akatoa hukumu. Yule wa Mkaa ni wake. Daktari wa meno ni wangu, ingawa alikuwa ameshampigia kumuuliza habari za jino lake. Fundi AC alimtaka abaki; nyumba haina AC, lakini alisema kijana ana adabu kwenye simu. Hajalipa, alisema, nimwachie, bado anamfuatilia. Kuhusu Mama Mkubwa tulivutana mpaka magharibi, tukaafikiana abaki kwa wote wawili. Usimkopeshe nilimnakili na mimi, kwa jina lilelile.

Kisha tukafungua anwani yake mwenyewe. Umri alitaja wa kweli, na kwa fahari. Ilipofika neno la siri aligeukia ukutani, akabonyeza kidole kimojakimoja. Nikamwomba anitajie niliandike mahali. Akaniuliza, "Si umesema ni siri?"

Mwisho simu ikaomba namba ya kurejeshea akaunti, ikitokea amesahau. Nikaanza kujaza yangu. Mama akanishika mkono.

"Weka ya Mama Mkubwa. Wa ofisini."

"Mama, huyo ni bosi wangu."

"Wewe hupokei simu. Yeye anapokea."

Haikupita muda bosi akaniita ofisini kwake, akanitaka nifunge mlango. Mbele yake kulikuwa na kipande cha karatasi chenye tarakimu sita, ameziandika kwa kalamu ile ya kusainia malipo. Alisema zimeingia kwenye simu yake asubuhi ile, na mama ameshampigia azisome, lakini matapeli siku hizi wana sauti za kila namna. Kwa hiyo alimuuliza kwanza swali ambalo jibu lake analijua mama peke yake. Mama amejibu sawasawa.

"Swali gani?" nikauliza.

Bosi akakunja karatasi, akaiweka kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo.

"Ya mama yako muulize mama yako."